Mtoto Akigonga Kichwa: Kutoka Uwanjani Hadi Kurudi Darasani

(Muziki wa kufungua. Muziki unashuka.)

Salamu kutoka hapa Gisenyi, wilaya ya Rubavu, ziwafikie nyote mlio Nkamira, Kijote, Kiziba, Kigeme, Mugombwa, Nyabiheke na Mahama. Na wewe ambaye redio yako imeishiwa betri, ukaipata karatasi hii mkononi au ukaikuta imebandikwa ukutani, karibu sana. Yaliyomo ni yaleyale.

Leo tunazungumza na wazazi, walezi, walimu, makocha wa timu za vijana, na nyinyi wanafunzi wenyewe. Mtoto wa shule akigonga kichwa, kuna nini kinachotokea ndani? Tumfanyie nini siku ile? Na tumrudisheje darasani bila kumharibia masomo wala afya?

Nianze na jambo la nyumbani kwetu. Tulivuka mpaka mwaka 2012, nikiwa bado mtoto. Tulipitia Nkamira, kisha tukapelekwa kambini. Miaka miwili hivi baadaye, mdogo wangu alikuwa darasa la nne la shule ya msingi. Jioni moja alikuwa anacheza mpira wa makaratasi na kamba kwenye njia ya mteremko kati ya nyumba. Aliteleza, kisogo kikagonga mawe ya mtaro. Alikaa chini kidogo, akajishika kichwa, akacheka, akaendelea kucheza. Hakukuwa na damu. Mama alipomuuliza, alijibu, "Si kitu." Tukala, tukalala.

Kesho yake shuleni hakuweza kunakili kazi ya ubaoni. Alisema maandishi yanacheza. Aliambiwa ni mvivu, akapigishwa magoti. Nyumbani alikataa kwenda kuchota maji. Mimi pia nikamwita mvivu, nikambebesha bido kwa lazima. Alikuwa analia kwa mambo madogo, na usiku halali. Mama alidhani ni vita inamrudia kichwani. Jirani akasema ni malaria. Siku ya tano alirudi kucheza, mpira ukampiga usoni, wala haukuwa na nguvu nyingi. Jioni ile alitapika mara tatu, akawa anauliza swali moja tu, "Leo ni siku gani?" Unamjibu, baada ya dakika moja anauliza tena.

Ndipo tukampeleka kwenye kituo cha afya. Muuguzi alimuuliza mama swali ambalo hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameuliza: "Mtoto huyu amegonga kichwa siku hizi?"

Alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini ilichukua zaidi ya mwezi. Mitihani ya muhula ilimpita, akarudia darasa. Siku zile zote nilizomwita mvivu, mwenzangu alikuwa mgonjwa. Ndiyo sababu niliomba kipindi cha leo kiwe juu ya jambo hili.

(Muziki mfupi)

JERAHA AMBALO HALIONEKANI

Waganga wa hospitali wanauita ugonjwa huu mtikisiko wa ubongo. Ubongo ni laini. Umekaa ndani ya fuvu, umezungukwa na maji maji ya kuulinda. Kichwa kikigonga kitu, au mwili ukisukumwa ghafla mpaka shingo ikarushwa, ubongo unatikisika mle ndani. Kwa hiyo mtoto anaweza kupata mtikisiko hata kama kichwa chenyewe hakikugusa chini. Kupigwa kikumbo kikali kifuani kunatosha.

Mara nyingi hakuna mfupa uliovunjika wala damu. Hata picha ya skana hospitalini inaweza kuonekana safi. Kilichoharibika ni kazi ya ubongo. Chembe zake zinahitaji nguvu nyingi kuliko kawaida ili zijirekebishe, na wakati huohuo damu inayoleta nguvu hiyo imepungua. Fikiria ile taa ya sola uliyonayo nyumbani. Ikiwa betri imechoka, taa itawaka, utaiona ni nzima. Lakini iache iwake na uchaji telefoni humohumo, itazima mapema. Mtoto mwenye mtikisiko anaweza kuamka asubuhi yuko vizuri. Saa nne asubuhi, baada ya hesabu na kusoma, kichwa kinaanza kuuma na hasikii tena mwalimu anachosema.

Watu wengi hufikiri kwamba kama mtoto hakuzimia, basi hakuumia. Si kweli. Wengi sana wanaopata mtikisiko wa ubongo hawazimii kabisa.

Nyinyi mnaopenda mpira, kumbukeni fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 13 Julai 2014, kule Rio de Janeiro, Ujerumani na Argentina. Kiungo wa Ujerumani, Christoph Kramer, aligongwa kichwani mnamo dakika ya 17. Alitibiwa kidogo pembeni, akarudi uwanjani, akaendelea kukimbia. Kisha akamwendea mwamuzi, Nicola Rizzoli kutoka Italia, akamuuliza kama mchezo ule ndio fainali. Mwamuzi alidhani anatania. Alipouliza tena, mwamuzi akawaambia wenzake wa Ujerumani, na Kramer akatolewa dakika ya 31. Baadaye mwenyewe alisema sehemu kubwa ya mchezo ule haikumbuki. Huyo alikuwa na madaktari wa timu karibu yake na dunia nzima inamtazama, na bado alicheza zaidi ya dakika 10 akiwa hivyo. Mtoto wetu anayecheza nyuma ya mabanda ya shule, nani atamwona?

Kwa hiyo ni sisi wa kuangalia. Hizi ndizo dalili za mtikisiko wa ubongo:

Mwilini: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona ukungu au kuona vitu viwili viwili, kuchukia mwanga na kelele, kuyumba akitembea.

Katika akili: kujibu polepole, kusahau kilichotokea, kurudia swali lilelile, kushindwa kufuata somo, kusoma mstari mmoja mara nyingi.

Katika tabia: hasira, kulia bila sababu, huzuni, kunyamaza mtoto ambaye kwa kawaida ni msemaji.

Katika usingizi: kulala kupita kiasi, au kukosa usingizi.

Dalili zinaweza kuonekana palepale. Zinaweza pia kuchelewa masaa mengi, hata siku moja au mbili. Ndiyo maana "si kitu" ya jioni isitufunge macho asubuhi.

Hapa kambini kuna tatizo lingine. Dalili hizi zinafanana na mambo tuliyoyazoea. Kichwa kinauma na anatapika, tunasema malaria. Halali na anashtuka, tunasema ni vita, ni yale ambayo Wanyarwanda wanayaita ihahamuka. Hatusemi kwamba malaria haipo au vita haikuwaumiza watoto. Mtoto apimwe malaria, na anayesumbuliwa na kumbukumbu asaidiwe. Lakini ukifika kwa muuguzi, mweleze pia kama mtoto alianguka au alipigwa, siku gani, na vipi. Hata kama ni kofi la kichwa alilopigwa nyumbani au shuleni, usifiche. Muuguzi anahitaji ukweli ili amtibu mtoto. Na sisi tuache kuwapiga watoto kichwani. Kofi la kichwani nalo linatikisa ubongo.

(Muziki mfupi)

SAA YA KWANZA

Mtoto amegonga kichwa. Fanya hivi.

Kwanza, mtoe mchezoni palepale. Asirudi siku hiyo, hata akisema amepona, hata kama timu inafungwa. Mwezi Septemba 2024, FIFA na Shirika la Afya Duniani walianzisha kampeni juu ya jambo hili hili, wakiwaambia wachezaji na makocha kwamba hakuna mechi inayostahili kuhatarisha ubongo. Kocha, kipa wako akigongwa na goti, usimuulize "Unaweza kuendelea?" Kijana atasema ndiyo kila mara. Uamuzi usiwe wake.

Pili, kama shingo inamuuma, au mikono na miguu imekufa ganzi au haina nguvu, usimwinue. Mwache alale hivyohivyo, zuia watu wasimvute, na ita msaada. Usimtikise ili azinduke. Usimmwagie maji usoni. Usimnyweshe kitu akiwa hajapata fahamu vizuri.

Tatu, asibaki peke yake. Mtu mzima akae naye masaa yanayofuata, na usiku wa kwanza alale na mtu karibu yake.

Nne, mpeleke kwenye kituo cha afya siku hiyohiyo, au mwite mhudumu wa afya wa kijiji chenu kambini amwangalie na kuwashauri.

Sasa sikilizeni dalili za hatari. Ukiona hata moja tu, usingoje asubuhi:

Kutapika mara kwa mara.
Kichwa kuuma na maumivu yanazidi.
Degedege.
Kuzimia, au usingizi ambao ukimwamsha haamki vizuri.
Kuchanganyikiwa kunakoongezeka, au kutowatambua watu.
Maneno kutoka vibaya kama ya mlevi.
Mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine.
Mkono au mguu kulegea.
Damu au maji maji meupe kutoka puani au masikioni.
Shingo kuuma sana.
Kwa mtoto mchanga: kukataa ziwa, kulia bila kunyamazika, au utosi kuvimba.

Dalili hizi zinaweza kumaanisha kwamba damu inavuja ndani ya fuvu. Hapo kila saa ina maana. Hapa Rwanda unaweza kuita gari la wagonjwa la SAMU kwa namba 912, na simu hiyo hailipiwi. Kituo cha afya kitaandika karatasi ya kumpeleka hospitali ya wilaya. Sisi wa Rubavu ni Hospitali ya Gisenyi. Walio Mahama wanaijua Kirehe, na walio Kiziba wanaijua Kibuye. Ikihitajika, hospitali itampeleka Kigali.

Kama Kinyarwanda bado ni kigumu kwako, shika maneno haya manne. "Yikubise umutwe" ni "amegonga kichwa." "Araruka" ni "anatapika." "Yataye ubwenge" ni "amezimia." Na "arwaye umutwe" ni "anaumwa kichwa." Maneno hayo yatamsaidia muuguzi kukuelewa haraka.

Juu ya dawa: kwa maumivu ya kichwa, parasetamoli kwa kipimo alichokwambia muuguzi inatosha. Siku za mwanzo usimpe asipirini wala ibuprofeni bila kuambiwa na muuguzi au daktari, kwa sababu zinaweza kuongeza kutoka damu.

Mnaniuliza sana pia: je, aliyegonga kichwa anakatazwa kulala? Hapana. Kama hana dalili za hatari, usingizi unamsaidia kupona. Usiku wa kwanza mwangalie mara kadhaa. Sikiliza pumzi, mguse, uone kama anajigeuza au anajibu. Akiwa haamshiki, hiyo ni hatari, ondoka naye.

(Muziki mfupi)

KWA NINI TUNAOGOPA KIPIGO CHA PILI

Ubongo ambao haujapona ukigongwa tena, hata kwa pigo dogo, madhara yanaweza kuwa makubwa kuliko mara ya kwanza. Dalili hurudi na kukaa muda mrefu zaidi. Mara chache, hasa kwa vijana, ubongo huvimba kwa ghafla, na hilo linaweza kuua.

Mwaka 2006, kule jimbo la Washington nchini Marekani, kijana wa miaka 13 aitwaye Zackery Lystedt aligonga kichwa chini katika mchezo wa shule. Alipumzika kidogo, akarudishwa uwanjani kipindi cha pili. Mchezo ulipoisha alianguka. Alifanyiwa operesheni ya ubongo, na ikamchukua miaka kujifunza tena kusema na kusimama. Mwaka 2009 jimbo hilo lilipitisha sheria yenye jina lake: mwanafunzi anayeshukiwa kuwa na mtikisiko wa ubongo anatolewa mchezoni, na harudi mpaka mtaalamu wa afya aandike kwamba amepona. Miaka michache baadaye majimbo yote ya Marekani yalikuwa na sheria ya namna hiyo.

Sisi hatuhitaji kungoja sheria. Kocha na mwalimu wanaweza kukubaliana leo.

Na kipigo cha pili kwetu hakitoki kwenye mpira tu. Kinatoka kwenye njia ya utelezi ukiwa na bido kichwani. Kinatoka kwenye mti wa parachichi, kwenye baiskeli inayoshuka mlima bila breki, kwenye kitanda cha juu bwenini. Mtoto mwenye kizunguzungu anaanguka kirahisi. Usimtume huko.

(Muziki mfupi)

KURUDI DARASANI, HATUA KWA HATUA

Zamani madaktari walisema mtoto akae kwenye chumba chenye giza mpaka dalili zote ziishe. Ushauri huo umebadilika. Mwezi Oktoba 2022 wataalamu kutoka nchi nyingi walikutana Amsterdam, Uholanzi, na mapendekezo yao yakachapishwa mwaka 2023. Wanasema mtoto apumzike siku 1 au 2, kisha aanze kujisogeza kidogo kidogo. Kumfungia ndani kwa muda mrefu kunachelewesha kupona, na kunamtia huzuni.

Tumepanga hatua hizi tukiangalia maisha yetu ya kambini.

Hatua ya 1, siku 2 za mwanzo. Anabaki nyumbani. Anaweza kuzungumza, kula, kutembea karibu, kukaa kivulini. Telefoni na filamu aviache. Hakuna michezo, hakuna kubeba mzigo.

Hatua ya 2. Anatembea zaidi polepole. Anaanza kusoma dakika 5 mpaka 15, anapumzika, anarudia. Akivumilia, ongeza kidogo.

Hatua ya 3. Anarudi shuleni nusu siku. Anakaa, anasikiliza, anaandika kidogo.

Hatua ya 4. Siku nzima, lakini na mapumziko katikati.

Hatua ya 5. Kazi zote za shule, pamoja na mitihani na masomo aliyoyakosa.

Utajuaje kama hatua ni nzito? Muulize mtoto kabla ya kuanza: kichwa kinauma kiasi gani, toka 0 mpaka 10? Muulize tena baadaye. Kikiongezeka kwa namba 1 au 2 na kutulia ndani ya saa moja, si hatari, aendelee hivyo. Kikizidi hapo, apumzike, na kesho arudi kwenye hatua ya nyuma. Hajashindwa mtihani wowote, amekwenda haraka tu.

Watoto wengi hupona ndani ya wiki 4. Zikipita wiki 4 na bado analalamika, mrudishe kwenye kituo cha afya.

Mama, baba, naomba niseme neno juu ya wasichana. Mvulana akiambiwa abaki nyumbani, analala. Msichana akiambiwa abaki nyumbani, anapewa sufuria aoshe, mtoto ambebe mgongoni, na foleni ya maji asimame. Kwa hiyo kubaki kwake nyumbani kunamchosha kuliko shule. Mapumziko yawe mapumziko kweli. Bido la lita 20 ni kilo 20 juu ya kichwa na shingo iliyoumia. Kwa siku hizo, mtu mwingine achote.

Walimu wetu, tunajua madarasa yamejaa na mna kazi nyingi. Tunayoomba hayahitaji pesa.

Mkalishe mbali na dirisha lenye jua kali, na mbele ili asikaze macho kutazama ubao. Mvua ikipiga mabati na kichwa kikamuuma, mruhusu aweke kichwa mezani dakika chache. Mwenzake amnakilie kazi. Mpunguzie maswali: badala ya hesabu 10, afanye 4. Mtihani ukifika kabla hajapona, umwahirishie au umwongezee muda. Asifagie uwanja, asikimbie kwenye somo la michezo. Na akisahau jambo ulilomfundisha jana, usimwadhibu. Kwa wakati huu kusahau ni dalili ya ugonjwa wake, kama vile homa ilivyo dalili ya malaria.

Mzazi, mwalimu hawezi kujua usipomwambia. Chukua karatasi ya daftari, unakili maneno haya, uyapeleke kwa mkuu wa shule:

"Mimi ni mzazi wa ______, darasa la ______. Mtoto wangu aligonga kichwa tarehe ______. Kituo cha afya kimemwona tarehe ______. Naomba apewe mapumziko darasani, asicheze wala kubeba vitu vizito, na asiadhibiwe kwa kuchelewa kuandika au kusahau. Akitapika, akizimia au kichwa kikizidi kuuma, niiteni kwa namba ______."

Kama hujui kuandika, mwombe kijana wa jirani au mhudumu wa afya akuandikie. Si aibu.

(Muziki mfupi)

NA MPIRA JE?

Nyinyi vijana mnaningoja hapa. Kanuni ni hii: darasa kwanza, mpira baadaye. Asiyeweza kukaa darasani siku nzima bila kichwa kuuma, hayuko tayari kwa mechi.

Akisharudi shuleni kikamilifu, anaanza kukimbia polepole peke yake. Halafu anachezea mpira peke yake, bila kuupiga kwa kichwa. Halafu mazoezi na wenzake bila kugongana. Dalili zikiwa zimekwisha kabisa, na muuguzi au daktari akikubali, anafanya mazoezi kamili. Mwisho ndipo mechi. Kila hatua ichukue angalau siku nzima, na dalili zikirudi, anarudi nyuma. Uingereza, mwongozo wao wa mwaka 2023 kwa michezo isiyo ya kulipwa unasema mtu asirudi kwenye mashindano kabla ya siku 21 tangu alipoumia. Sisi ambao daktari yuko mbali, siku hizo 21 zinatufaa, na zaidi ikihitajika.

Najua ni vigumu. Kambini mpira ndio unaosahaulisha mengi, na kijana akitolewa kwenye timu anaona amepoteza kila kitu. Makocha, msimtupe. Mpeni kazi ya kuhesabu magoli, kushika saa, kutunza jezi. Aje uwanjani, akae na wenzake, asicheze tu. Na nyinyi wachezaji, mkimwona mwenzenu anayumba au anauliza matokeo ambayo ameyaona kwa macho yake, mwambieni mtu mzima. Hamjamsaliti.

Kabla sijafunga, nirudie yale ambayo ningependa uyakumbuke hata ukisahau mengine. Kichwa kikigongwa, mchezo umekwisha kwa siku hiyo. Ukiona dalili ya hatari, kimbia kituo cha afya au piga 912. Siku 2 za mapumziko, kisha kidogo kidogo. Darasa kwanza, mpira baadaye. Na mtoto akibadilika ghafla, akawa mzito, mwenye hasira, mwenye kusahau, kabla hujamwita mvivu, muulize swali la yule muuguzi: umegonga kichwa siku hizi?

Mdogo wangu sasa ni kijana mrefu kuniliko. Bado anacheza mpira. Nilipomwambia kwamba nitasema habari zake redioni, alicheka, akasema, "Waambie pia ulinibebesha bido." Basi, nimewaambia.

Ukimaliza kusoma karatasi hii, usiitupe. Mpe jirani mwenye mtoto shuleni, au ibandike karibu na uwanja.

(Muziki wa kufunga)